Tumbo la Jumatatu: Mtoto Anapoumwa Siku za Shule Pekee

Mwalimu yeyote wa gredi za chini amewahi kuulizwa swali hili langoni, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie: "Mwalimu, huyu kila asubuhi ananiambia tumbo linamuuma. Jumamosi ikifika amepona, anaruka kamba na wenzake. Ananichezea akili, ama ni nini?" Pale Migosi, Kisumu, huliuliza mama anayewahi kupanga nguo za mitumba soko la Kibuye. Huliuliza baba wa bodaboda ambaye abiria wake ameshaanza kununa. Huliuliza pia nyanya, ambaye Wajaluo humwita dani, aliyelea watoto wake na sasa analea wajukuu, na ambaye enzi zake mtoto aliyekataa shule alijibiwa kwa fimbo moja tu na mambo yakaisha.

Jibu fupi ni kwamba hakuchezei akili. Tumbo linamuuma kweli. Jibu refu linahitaji sura nzima, kwa sababu linagusa nyumbani, barabarani, darasani, na fimbo yenyewe.

Kwanza tuondoe ugonjwa

Hatua hii hairukwi. Kandokando ya Ziwa Victoria malaria haiendi likizo, kichocho kipo, minyoo ipo, homa ya matumbo ipo. Na njaa ipo: mtoto aliyelala kwa chai ya rangi na kuamkia maji ya moto ana kila haki ya kushika tumbo wakati wa paredi. Kwa hiyo zahanati kwanza, na kikombe cha uji kwanza.

Vipimo vikitoka safi, tazama ratiba ya maumivu. Yanaanza Jumapili jioni? Yanapungua kufikia saa nne, mtoto akishaingia katika mchezo au somo analolipenda? Yanapotea mwezi wa Agosti na Desemba? Maumivu yanayofuata kalenda ya shule yana la kusema kuhusu shule, au kuhusu njia ya kwenda shule, au kuhusu anachokiacha mtoto nyumbani anapofunga mlango.

Kengele ya ndani

Ndani ya ubongo kuna kijisehemu kidogo kiitwacho amigdala. Kazi yake ni kugundua hatari kabla hata hatujafikiri. Kikishtuka, mwili humwaga adrenalini, yaani kemikali inayotutayarisha kukimbia au kupigana. Moyo unaenda mbio, damu inapelekwa kwenye misuli ya miguu na mikono, na kazi ya kusaga chakula inasimamishwa kwa muda. Tumbo linajikunja, kichefuchefu kinapanda. Mtu mzima aliyewahi kuitwa ghafla kwenye ofisi ya mkubwa wake anajua hali hiyo bila kufunzwa na daktari.

Shida ni kwamba kengele hii haichagui. Ni sawa na mbwa wa ploti, hubweka kwa mwizi na hubweka kwa mwenye nyumba. Mtoto aliyeaibishwa mbele ya darasa kwa kukosa jibu la hesabu anaweza kuisikia ikilia tena kila anapoona ubao, hata kama mwalimu yule amehamishwa. Na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuliza na kupanga maneno, huendelea kukua mpaka mtu anapita miaka ishirini. Mtoto wa miaka saba hawezi kukwambia, "Mama, nina wasiwasi." Anakwambia kile anachokihisi, na anachokihisi ni tumbo.

Wengine hawasemi tumbo. Mmoja anaanza kukojoa kitandani tena baada ya kuacha kwa miaka. Mwingine anapigana kila mapumziko, au anaiba penseli ambazo hazihitaji. Mwingine anasinzia darasani kwa sababu usiku hakulala. Wa kuangaliwa zaidi, kwa maoni yangu, ni yule aliyenyamaza. Katika darasa lililojaa, mtoto asiyesumbua huhesabiwa kuwa mwenye nidhamu, na anaweza kumaliza muhula mzima bila mtu mzima yeyote kumtaja kwa jina.

*Kwa ufupi:* maumivu ni ya kweli hata pale ambapo ugonjwa haupo. Kumwambia mtoto "hakuna kitu hapo" ni kumfundisha kwamba asiseme tena.

Vinavyoingia darasani pamoja na mkoba

Migosi si mtaa wa shida peke yake. Kuna nyumba za mawe zenye miembe uani, kuna walimu, manesi na wafanyabiashara waliojenga hapo zamani, na kuna vyumba vya kupangisha ambako familia nzima inalala nyuma ya pazia moja. Watoto wa aina zote hizo hukaa dawati moja. Lakini mtaa huu unapakana na Manyatta na uko karibu na Kondele, na watoto wa upande huo wa mji wamejifunza mambo ambayo hayamo katika mtaala.

Wanajua harufu ya vitoa machozi. Kila msimu wa uchaguzi au maandamano, Kondele huwaka. Kisumu haijasahau Agosti 2017, polisi walipovamia nyumba huko Nyalenda na mtoto wa miezi sita, Samantha Pendo, akafariki kwa majeraha aliyopata. Julai 2023, katika maandamano ya kupanda kwa gharama ya maisha, watoto 53 wa shule moja ya msingi huko Kangemi, Nairobi, walikimbizwa hospitalini baada ya moshi huo kuingia shuleni kwao. Siku mbili baada ya mambo kama hayo shule hufunguliwa, vitabu vinatolewa, na somo linaendelea pale lilipoachwa. Hakuna anayewauliza watoto walilala wapi.

Kisha kuna yale madogo, ambayo kwa mtoto si madogo hata kidogo: choo cha shule kisicho na mlango, mvulana mkubwa anayenyang'anya mandazi, pesa za lanchi zilizochelewa. Elimu ya msingi bila malipo ilirudi Kenya mwaka 2003, lakini kila mzazi anajua kwamba mtoto bado anaweza kusimamishwa mbele ya wenzake kwa sababu ya shilingi mia. Kusimamishwa huko hakumfikii mzazi aliyekosa pesa. Kunamfikia mtoto.

Kuna njia rahisi ya kujua ni lipi hasa. Mpe mtoto karatasi na umwambie achore shule yake: lango, madarasa, uwanja, vyoo, ofisi, na njia anayopita kutoka nyumbani. Kisha mwambie aweke rangi ya kijani mahali anapopapenda na nyekundu mahali asipopapenda. Usimhoji. Ngoja amalize, kisha uliza tu, "Hapa pamekuwaje?" Mwalimu atakayefanya hivi na darasa zima anaweza kugundua kwamba watoto wengi wamepaka nyekundu mahali pamoja, tuseme nyuma ya vyoo. Hapo dawa si ushauri nasaha. Dawa ni mlango, na mwalimu wa zamu anayepita huko saa ya mapumziko.

Jumatatu baada ya mazishi

Jambo moja linahitaji nafasi yake, kwa sababu kando ya ziwa linatokea mara nyingi mno na shuleni halizungumzwi kabisa.

Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, iko hapo karibu na Kondele. Mwishoni mwa wiki misafara hutoka mochari: gari lenye jeneza, matatu zilizofungwa matawi, pikipiki zikipiga honi. Msafara unaelekea nyumbani, iwe Siaya, Nyakach au Homa Bay, kwa sababu Mjaluo hazikwi mjini ikiwa ana dala. Ndani ya mojawapo ya matatu hizo amekaa mtoto wa gredi ya tatu. Atalala kwenye turubai, atasikia ngoma na mahubiri usiku kucha, ataona ndugu wakigombania mambo asiyoyaelewa, na kwa baadhi ya familia atanyolewa kichwa chote pamoja na wafiwa wengine. Jumamosi mama anazikwa. Jumatatu mtoto yuko kwenye mstari wa paredi, bendera inapandishwa, na mwenzake wa nyuma anamgusagusa kipara na kucheka.

Mwalimu naye anafanyaje? Wengi huchagua kunyamaza, tena kwa nia njema: wanaogopa kumkumbusha. Lakini mtoto hajasahau hata dakika moja. Anachojifunza kwa ukimya huo ni kwamba jambo kubwa kuliko yote maishani mwake halina nafasi katika chumba hiki.

Umri nao una mambo yake. Mpaka miaka mitano hivi, watoto wengi hufikiri aliyekufa anaweza kurudi. Ukimwambia "mama amesafiri", atakaa dirishani akingoja. Ukimwambia "amelala", anaweza kuogopa kulala. Kati ya miaka sita na tisa wengi huelewa kwamba aliyekufa harudi, ila huingiwa na fikra nyingine mbaya zaidi: kwamba wao ndio waliosababisha. Nilikataa kumletea maji, kwa hiyo akafa. Mtoto anaweza kubeba hatia hiyo mwaka mzima bila kuitamka. Sentensi tatu za mtu mzima zinatosha kuipunguza: "Mama amefariki. Mwili wake uliacha kufanya kazi kwa sababu ya ugonjwa. Hakuna ulichosema wala ulichofanya kilichomuua."

Ugonjwa wenyewe, pale unapokuwa virusi vya Ukimwi, huongeza tabaka la siri. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 17.5 ya watu wazima wa kaunti ya Kisumu wakiishi na virusi, wakati kiwango cha Kenya nzima kilikuwa asilimia 4.9. Dawa zimeokoa wengi na mayatima wapya ni wachache kuliko zamani. Hata hivyo darasani bado wapo watoto waliolelewa na dani tangu wakiwa wachanga, na wapo wanaomeza vidonge kila jioni wakiambiwa ni vya kifua. Mwalimu akijua siri hiyo, anapaswa kuifunga kinywani kabisa. Hata chumba cha walimu si mahali pake.

Habari njema imetoka jirani. Watafiti walifuatilia watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi, nusu yao Bungoma na nusu Moshi, Tanzania, mjini na vijijini. Nusu ya watoto walipata vikao vya kila wiki kwa wiki 12 katika vikundi vidogo, na walezi wao walikuwa na vikao vyao pia. Walijifunza kutuliza mwili, kutaja hisia, na hatimaye kusimulia kifo chenyewe kwa maneno yao. Waliowaongoza hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa kwa karibu. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2020, watoto wa vikao hivyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao katika maeneo matatu kati ya manne; Moshi mjini peke yake ndiko tofauti haikuonekana. Baadaye, huko Bungoma, walimu na wahudumu wa afya wa kujitolea walianza kuendesha vikao hivyo wenyewe kwa jina la Pamoja Tunaweza. Bungoma si Marekani. Ni safari ya matatu kutoka Kondele.

Shule isiyo na mradi wowote bado inaweza kufanya haya kabla ya mtoto kurudi:

- Mwalimu wa darasa awaambie wanafunzi kilichotokea, kwa maneno mepesi, na awaonye kuhusu kucheka kipara.
- Mtoto aulizwe kama angependa jambo hilo litajwe au lisitajwe mbele yake.
- Apewe rafiki mmoja wa kukaa naye na ruhusa ya kutoka nje machozi yakija, bila kunyoosha mkono.
- Tarehe ya kifo iandikwe mahali, kwa sababu mwaka ukizunguka tumbo litarudi na hakuna atakayejua kwa nini.

Kiboko na ushauri katika mkono mmoja

Shule zetu zina mwalimu wa ushauri nasaha. Ukimtafuta utaelekezwa kwa mtu mwenye vipindi kamili vya kufundisha, asiye na chumba, na ambaye katika shule kadhaa ndiye huyohuyo mwalimu wa nidhamu. Asubuhi anawapigisha magoti waliochelewa. Alasiri anatarajiwa kusikia siri zao. Sijui nani alidhani mpango huo ungefaulu. Ikiwa mwalimu mkuu atabadilisha jambo moja tu baada ya kusoma sura hii, ninaomba liwe hilo: kazi hizi mbili zitenganishwe, na wa ushauri achaguliwe kwa kuangalia watoto humkimbilia nani wakianguka uwanjani.

Kuhusu fimbo yenyewe sheria haina utata. Kanuni zilizoruhusu kuchapa wanafunzi zilifutwa mwaka 2001. Katiba ya 2010, ibara ya 53, inamkinga kila mtoto dhidi ya adhabu za kikatili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kimwili na mateso ya kiakili, na anayehukumiwa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi miezi sita, au yote mawili. Na bado kila mtu anajua kinachoendelea. Wazazi wengine ndio wanaosema, "Mwalimu, mchape tu, nimekuruhusu." Ruhusa hiyo mzazi hana ya kuitoa.

Lakini tusimwonee mwalimu. Amepewa darasa lililofurika, mtaala mpya, na baada ya korona alipokea watoto ambao wengi wao walikaa nyumbani tangu Machi 2020 mpaka Januari 2021, wengine wakirudi wamekuwa watu tofauti. Fimbo ni haraka. Ukweli ni kwamba inanyamazisha tabia na kuamsha kengele, na mtoto ambaye kengele yake inalia hawezi kujifunza kugawanya kwa tarakimu mbili. Anayetaka alama nzuri ana sababu tosha ya kuiweka chini.

Yasiyohitaji bajeti

La kwanza ni kusimama langoni. Mwalimu mmoja asimame hapo asubuhi, asalimie watoto kwa majina, aangalie macho yao. Wale watatu wanne waliokuja na sura nzito atakuwa amewajua kabla ya paredi.

Ratiba ya siku iandikwe ubaoni na ifuatwe. Kwa mtoto ambaye nyumbani hajui kama leo watafungiwa mlango na mwenye nyumba, kujua kwamba baada ya hesabu kuna uji ni dawa ya kutosha.

Mtoto aruhusiwe kulia kwa lugha yake. Shule zinazomvisha kibao mtoto aliyezungumza Kijaluo zisishangae akikosa la kusema akiulizwa kwa Kiingereza kwa nini ana huzuni. Saa ya kuzungumza shida, lugha ni ile inayotoka.

Na matokeo ya mtihani yasisomwe kwa sauti kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho. Wa mwisho anajua kwamba ni wa mwisho.

Nyumbani, mambo ni machache. Dani amshike mkono, asimwite mwongo, ampeleke shule hata hivyo, kwa sababu kila siku anayobaki nyumbani inaifanya kesho kuwa ngumu zaidi. Jioni asimwulize "umesoma nini?" bali "leo ulicheza na nani?" Mtoto asiye na jina la kutaja siku tatu mfululizo ameshasema jambo kubwa. Wajaluo wa zamani walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi mzee aliyeitwa pim, ambako watoto walilala, wakasimuliwa hadithi, na wakaulizwa mambo ambayo mzazi huona haya kuyauliza. Siwindhe haitarudi katika vyumba vya kupangisha. Bado mtoto anahitaji mtu mzima mmoja asiye mzazi wake wala mtahini wake, na shule inaweza kumteua mtu huyo. Anaweza kuwa mpishi. Anaweza kuwa mlinzi wa lango.

Likizidi nguvu za shule

Wiki tatu nne za kusalimiwa, kuchora na kusikilizwa huwarudisha watoto wengi. Wasiorudi, wanaokonda, wanaosema wanataka kufa, au wanaojiumiza, waende hospitalini, na mzazi aambiwe wazi kwamba kwenda kwa daktari wa akili si kuitwa mwendawazimu.

Kuna kundi jingine ambalo halingojei wiki tatu. Ikiwa mchoro, au neno lililoponyoka, au hofu ya ghafla ya mtu fulani inaashiria kwamba mtoto amedhulumiwa kimapenzi, mwalimu asifanye upelelezi, asimwite mshukiwa, asiwaache wazee wa familia wapatane kwa mbuzi. Amwambie mtoto, "Umefanya vizuri kuniambia," na mtoto apelekwe hospitalini siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ni lazima zianze ndani ya saa 72. Asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari. Nguo alizovaa zisifuliwe, na zitiwe katika mfuko wa karatasi au gazeti, kwa sababu plastiki huharibu ushahidi. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo nchini kote. Iandikwe kwa rangi nyuma ya mlango wa kila darasa, kwa kimo cha mtoto wa gredi ya kwanza, kwa sababu anayeihitaji zaidi hatakuja kuiomba ofisini.